Kidoa Cheusi kwenye Kiganja au Unyayo wa Mtoto: Namna ya Kukisoma kwa Hadubini

Slaidi ninazoletewa kwa maoni ya pili zina kosa moja linalojirudia. Kidoa salama cha unyayo wa mtoto kimeandikiwa "shaka ya melanoma" (saratani ya seli za rangi) kwa sababu msomaji ameona seli za rangi zikipanda juu ndani ya epidemisi, yaani tabaka la juu la ngozi. Basi mzazi anaitwa, mtoto anakatwa mara ya pili, tena kwa upana zaidi, na kidonda cha unyayo hakina haraka ya kupona maana kila siku kinakanyagwa.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa maabara wanaopokea na kukata vipande, na wa madaktari wanaojifunza patholojia. Shikeni jambo moja kabla ya mengine yote: tazama seli zimekaa wapi, ndipo uulize kama zinapanda. Anayeanza na kupanda hupotea.

## Vitu vya kuandaa

- Fomu iliyojazwa kikamilifu. Hili nitalirudia.
- Kipande cha ngozi ndani ya fomalini ya 10% yenye bafa, ujazo wake uwe angalau mara 10 ya kipande.
- Lenzi ya mkono na taa inayoweza kumulika kutoka pembeni.
- Wino wa kuchora kingo.
- Wembe mpya wa maikrotomu (mashine ya kukatia vipande vyembamba), pamoja na maji baridi au barafu.
- Hadubini yenye lenzi za 4, 10 na 40. Wengi huiruka ile ya 4, na hao ndio wanaoanguka.
- Slaidi zilizopakwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, kutoka vina vitatu tofauti vya bloku (kipande kilichogandishwa ndani ya nta).
- Picha ya kidoa kabla hakijakatwa. Ya dermoskopu (lenzi ya kuchunguzia ngozi) ni bora, ya simu si haba.

Rangi za kinga, zile zinazotumia kingamwili kuonyesha protini fulani za seli, usiziagize sasa. Vingi kati ya vidoa hivi husomeka bila rangi hizo, na anayeziagiza mapema mara nyingi hajui anachokitafuta.

## Hatua ya 1: Jua kidoa kilikuwa wapi hasa

Lugha yetu ina mtego hapa. "Mguu" unaanzia nyongani hadi vidoleni, na "mkono" unaanzia begani. Fomu iliyoandikwa "kidoa mguuni" haijakwambia chochote. Unyayo na kiganja havina vinyweleo wala tezi za mafuta, na keratini yake (gamba gumu la juu kabisa) ni nene sana. Upande wa juu wa mguu una vinyweleo kama ngozi ya kawaida, na vidoa vyake husomwa kwa kanuni za ngozi ya kawaida. Seli zinazopanda, ambazo kwenye unyayo unaweza kuzivumilia, pale juu zinakudai maelezo.

Piga simu uulize mambo manne: ni unyayo, kiganja, ubavu wa kidole au upande wa juu? Mtoto ana umri gani? Amezaliwa nacho au kilijitokeza baadaye? Kimewahi kuumizwa, yaani kuchomwa, kukwanguliwa, kukatwa au kupakwa dawa ya kuunguza?

Umri una uzito wake. Melanoma ya viganja na nyayo ni ugonjwa wa watu wazima, hasa waliokwisha kusogea umri. Kwa mtoto ambaye hajabalehe ni adimu mno. Adimu si kusema haiwezekani, ila ushahidi wa kumpa mtoto jina hilo lazima uwe mzito kuliko seli chache zilizopanda.

Usiendelee mpaka uwe na majibu yote manne, yameandikwa kwenye fomu yenyewe. Yakibaki kichwani kwa aliyepokea simu, kesho yatapotea.

## Hatua ya 2: Kata kwa kukingamisha matuta

Hii ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, na huharibika kabla daktari hajaigusa hadubini.

Kipaushe kipande kwa karatasi laini, kisha kimulike kutoka pembeni. Utaona matuta na mitaro, ile mistari inayoacha alama za vidole. Kwa mtu mzima tuta lina upana wa kama nusu milimita. Kwa mtoto ni jembamba zaidi, ndiyo maana lenzi ya mkono imo kwenye orodha. Kisu kipite kikikatiza matuta kwa pembe mraba, kama mtu anayevuka shamba kwa kuruka tuta baada ya tuta.

Sababu ni hii: chini ya matuta na mitaro, epidemisi imeteremsha vigingi ndani ya demisi (tabaka la ngozi lililo chini yake), navyo vinafuata mistari ile ile ya juu. Kidoa salama hupanga seli zake kwa kufuata vigingi hivyo. Ukikatiza, utaona kigingi chenye seli, kisha nafasi, kisha kigingi kingine chenye seli. Ukikata kwa kulifuata tuta, wembe unaweza kupita ndani ya kigingi kimoja kwa urefu wake wote. Hapo viota, yaani mafungu ya seli za rangi, vilivyokuwa na mpangilio vitaonekana kama mstari wa seli usiokatika, kingo zitapotea, upande mmoja hautafanana na wa pili, na seli zinazopanda zitaonekana nyingi kuliko zilivyo. Sifa zote unazoogopa utakuwa umezitengeneza mwenyewe kwa kisu.

Nina slaidi moja ya kufundishia iliyotoka kwenye unyayo wa mtoto wa miaka saba. Ilikuja na maneno "haina ulinganifu, kingo hazieleweki, seli zinapanda". Nilipoitazama, uso wa keratini ulikuwa umenyooka kama meza kutoka mwanzo hadi mwisho, hauna wimbi hata moja. Tukaiyeyusha bloku, tukakigeuza kipande robo mduara, tukakata upya. Kikatokea kidoa kidogo nadhifu, kina viota vitano, kila kimoja chini ya mtaro wake. Kipande kilikuwa kile kile.

Kama daktari wa upasuaji anasikia ushauri wako, mwombe akikata umbo la jicho alielekeze urefu wake sambamba na matuta. Ukilikata vipande vipande kwa kukatiza urefu huo kama mkate, kila kipande kitakuwa kimekatiza matuta bila wewe kuhangaika.

Tahadhari: keratini nene hupasuka na kujikunja kwenye wembe. Laza uso wa bloku juu ya barafu iliyolowa au maji baridi kwa dakika kadhaa kabla ya kukata, na usizidi mikroni 3 hadi 4. Kipande kilichokunjwa huweka seli juu ya seli, nazo hudanganya kuwa zimepanda.

## Hatua ya 3: Thibitisha ngozi na mwelekeo

Weka lenzi ya 4, seli usizitazame bado. Tazama uso.

Uso wenye mawimbi, yaani kilele, bonde, kilele, bonde, umekatwa vizuri. Uso ulionyooka muda mrefu umekatwa kwa kufuata tuta. Ukiukuta hivyo, simama hapo. Agiza bloku igeuzwe kabla ya kuandika neno lolote kuhusu ulinganifu.

Halafu hakikisha ni ngozi ya kiganja au unyayo kweli: keratini nene, utepe mwembamba unaong'aa chini yake, tezi nyingi za jasho, hakuna kinyweleo. Kwenye ncha za demisi utakutana na vipokezi vya hisia vya Meissner, vyenye umbo la koni ya msonobari. Ukiona kinyweleo, rudi kwenye simu ya Hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Tafuta mrija wa jasho, upe kila kigingi jina

Ndani ya keratini tafuta kitundu kinachojizungusha kama skrubu. Huo ni mrija wa jasho, nao hufungukia kileleni mwa tuta. Ufuate kwa macho kushuka chini. Kigingi unachoingia nacho ni kigingi cha tuta. Vigingi viwili vya jirani, kushoto na kulia, vilivyo chini ya mabonde, ni vigingi vya mtaro. Vitabu vinakiita cha kwanza crista profunda intermedia na cha pili crista profunda limitans. Majina hayo si lazima uyakariri, ila ujue kukitambua kila kimoja.

Sasa uliza: seli za rangi zimejaa kwenye kigingi kipi?

Kwa kidoa salama, wingi wake uko kwenye vigingi vya mtaro. Kwa melanoma changa ya unyayo, seli hushika zaidi vigingi vya tuta. Ndiyo siri ya picha ya dermoskopu: mistari ya rangi ndani ya mitaro inatuliza moyo, rangi pana juu ya matuta inashtua. Fungua ile picha uliyoomba ulinganishe. Picha na slaidi zikisema mamoja, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha inua macho hadi kwenye keratini. Melanini (rangi yenyewe ya ngozi) ya kidoa salama hupanda kwa nguzo nyembamba juu ya vigingi vya mtaro, nguzo moja, nafasi, nguzo nyingine. Kwenye unyayo unaobeba uzito wa mwili nguzo hizi huinama kwa kusukumwa na kukanyaga, ndiyo maana dermoskopu huonyesha vistari vilivyolala mshazari. Kuinama si ugonjwa. Rangi iliyotapakaa ovyo ndani ya keratini yote, bila nguzo, hiyo iandike.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwa watoto waliozaliwa na kidoa. Seli zake hupenda kuufuata mrija wa jasho, kwa hiyo utazikuta kwenye kigingi cha tuta pia. Kwenye dermoskopu hutokea kama vitone vilivyopangwa juu ya tuta kati ya mistari miwili ya mtaro, mithili ya mbaazi ndani ya ganda. Hilo peke yake lisikutoe jasho. Ya pili ni kwa ngozi nyeusi: seli za kawaida za epidemisi hubeba melanini nyingi bila kuwapo kidoa chochote. Hesabu seli za rangi zenyewe, usihesabu weusi.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiweza kuweka kidole kwenye skrini na kusema "huu mtaro, hili tuta, huu mtaro" kutoka ukingo mmoja wa kidoa hadi wa pili.

## Hatua ya 5: Pima umbo zima

Bado uko kwenye lenzi ya 4. Kidoa salama kina mwanzo na mwisho. Mara nyingi hukomea kwenye kiota, ingawa kwenye unyayo si ajabu ukingo ukamalizikia kwa seli moja moja. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia zinafanana kwa upana, kwa kina na kwa rangi. Vingi ni vidogo.

Usidai ulinganifu wa kioo. Kiganja na unyayo havijatengenezwa kwa rula.

## Hatua ya 6: Sasa zitazame seli zinazopanda

Panda hadi lenzi ya 10, kisha 40. Hapa ndipo watu wanapokwama, basi twende polepole.

Kwenye ngozi ya mgongo au uso, melanosaiti (seli za rangi) zilizotawanyika juu ndani ya epidemisi ni dalili nzito. Kwenye viganja na nyayo, vidoa salama vingi vinazo. Hali hii imezoeleka kiasi cha kupewa jina la mkato, MANIAC, la vidoa vya viganja na nyayo ambavyo seli zake zinapanda lakini ni salama. Kwa hiyo swali la "zinapanda au hazipandi" halikusaidii. Jiulize haya:

Zinapandia wapi? Katika kidoa salama hupandia katikati, juu ya eneo lenye viota. Telezesha slaidi hadi kingoni: seli zilizopanda zinapaswa kuisha kabla viota havijaisha. Zikivuka na kuendelea pembeni, mahali ambapo chini hakuna kiota, shaka imeanza kuwa na miguu.

Zina sura gani? Zilizopanda zifanane na zilizobaki chini: viini vidogo, sitoplazimu kiasi, kiini kidogo cha ndani hakionekani au kinaonekana kwa shida. Seli iliyopanda ikiwa kubwa mara mbili ya mwenzake wa chini, kiini chake kikiwa cheusi chenye kona, usiipite.

Zimefika juu kiasi gani, na kwa mtindo upi? Chache kwenye nusu ya chini ya epidemisi si neno. Unaweza pia kukuta kiota kizima kimeng'oka na kinasafirishwa kutoka kupitia keratini, kimekauka, kinafanana na punje. Hiyo ni ngozi inatoa takataka zake. Usikichanganye na seli hai moja moja zilizojaa hadi juu kabisa, kila mahali.

Je, pana jeraha? Tafuta damu ndani ya keratini, keratini yenye viini vilivyosalia, kovu kwenye demisi ya juu. Kidoa kilichoumizwa hupandisha seli, na kwa mtoto anayecheza pekupeku majeraha hayaishi. Jeraha likiwa papo hapo chini ya seli zilizopanda, lina maelezo ya kutosha.

Uwanja mmoja wa lenzi ya 40 uliotulia huwa hivi: chini kabisa, kwenye kigingi cha mtaro, kiota cha mviringo kilichosimama wima, kimejitenga na epidemisi kwa ufa mwembamba mweupe. Juu yake seli mbili tatu za rangi ya kijivu zenye mikono myembamba ya melanini, zimeachana. Juu ya hizo, safu ya punjepunje safi. Juu yake, nguzo ya vumbi la kahawia inayopanda ndani ya keratini. Ukisogea kulia hadi kigingi cha tuta, unakuta mrija wa jasho na karibu hakuna kitu kingine. Kijifunze kiwanja hiki mpaka ukione ukifumba macho.

## Hatua ya 7: Shuka kwenye demisi

Kama kidoa kimebaki kwenye mpaka wa epidemisi tu, hatua hii ni fupi. Watoto wengi wana vya aina hiyo.

Kikishuka, tazama seli zinavyobadilika kadiri unavyokwenda chini. Za juu ni kubwa na zina rangi. Za chini zinakuwa ndogo, hazina rangi, zinaachana na kupenya moja moja kati ya nyuzi za kolajeni. Viota navyo vinapungua ukubwa. Kidoa kisichobadilika, chenye seli zile zile kubwa juu hadi chini, kinahitaji macho ya pili.

Tafuta seli zinazogawanyika. Moja ya juu kwa mtoto si kitu cha kukufanya ushike simu. Zilizo chini, karibu na sakafu ya kidoa, ni habari nyingine kabisa. Seli zilizozunguka tezi za jasho, mishipa ya damu na neva kwenye demisi ya kina huashiria kidoa cha kuzaliwa, ukilinganisha na jibu la simu ya Hatua ya 1.

## Hatua ya 8: Jiulize kama ni Spitz

Hiki ni kidoa cha watoto, na kinapoota kwenye unyayo hutisha maradufu, maana kina seli kubwa na zinapanda. Kina alama zake: epidemisi iliyonenepa, seli ndefu zilizochongoka ncha au pana zenye sitoplazimu nyingi, viota vilivyosimama wima kama mafungu ya ndizi yaliyoning'inizwa, nyufa juu ya viota, na matone ya waridi ndani ya epidemisi yaitwayo miili ya Kamino. Ukikutana na mkusanyiko huo kwa mtoto, na kidoa kikawa kidogo, chenye ulinganifu na kinabadilika kikishuka, una jibu. Mkusanyiko ukiwa na mapengo, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 9: Rangi za kinga, pale tu zinapohitajika

Agiza ukiwa na swali.

- SOX10 hupaka viini, kwa hiyo husaidia kuhesabu seli za rangi bila kuchanganywa na melanini. Melan-A hupaka hadi mikono ya seli, na anayeisoma kwa haraka huona seli nyingi kuliko zilizopo.
- HMB-45 kwenye kidoa salama huwa kali juu na hufifia kushuka chini.
- Ki-67 hupaka seli zinazogawanyika; ziwe chache, na hizo chache ziwe juu.
- p16 kwenye kidoa salama kwa kawaida inabaki, ingawa kwa mabaka mabaka. Kupotea kabisa kunaongeza shaka.
- PRAME kwa vidoa salama vingi huwa hasi au seli chache tu. Ikipaka zaidi ya robo tatu ya viini vya seli za rangi, usiandike "salama" peke yako.

Omba rangi nyekundu ya kuonyeshea badala ya kahawia. Kahawia juu ya melanini ni kusoma wino mweusi usiku.

Tahadhari: rangi moja haimfanyi mtoto kuwa mgonjwa wa saratani, wala haimponyi. Ikipingana na ulichokiona kwenye hatua ya 4 hadi ya 7, rudi ukaangalie upya kwanza.

## Hatua ya 10: Andika ripoti isiyomtisha asiyehusika

Kosa la mwisho ni la kalamu. Neno "atipia" (sura ya seli isiyo ya kawaida) likiandikwa bila maelezo humfikia daktari wa upasuaji kama amri ya kukata tena. Kama seli zinapanda na umeridhika kwamba ni tabia ya ngozi ya unyayo, sema hivyo kwa maneno kamili. Mfano:

"Kidoa cha melanosaiti cha unyayo, kilichoko kwenye mpaka wa epidemisi na demisi, salama. Kipande kimekatwa kwa kukatiza matuta. Viota viko chini ya mitaro. Seli chache zinapanda katikati ya kidoa bila kubadilika sura. Hili ni jambo la kawaida kwa vidoa vya unyayo. Hakuna dalili ya melanoma. Kingo za pembeni na chini ziko huru."

Sentensi ya pili usiisahau. Anayesoma slaidi yako baada ya miaka mitatu atataka kujua kisu kilipita upande gani.

Peleka slaidi kwa mwenye uzoefu wa ngozi ya watoto ukikuta mawili au zaidi kati ya haya kwa pamoja: seli zinavuka viota kingoni, zimejaa kwenye vigingi vya tuta bila kufuata mrija wa jasho, seli zilizopanda ni kubwa na mbaya kuliko za chini, hakuna mabadiliko kadiri zinavyoshuka, au seli zinagawanyika chini kabisa. Ipeleke pamoja na bloku, fomu na ile picha. Mzazi mwambie tu kwamba kipande kinasomwa na mtu wa pili, na umpe tarehe ya kurudi.